Bundi Dume, Bundi Jike na Kinda: Namna ya Kuwatofautisha kwa Manyoya

Anayetaka kujua kama bundi aliyehamia darini kwake ni dume au jike kwa kawaida huanza na ukubwa, na hapo ndipo anapopotea. Bundi aliyetulia hujifutua akaonekana mnene. Akishtuka hubana manyoya yote mwilini na kusimama wima, mwembamba kama gogo la kuni. Ndege mmoja, ndani ya dakika moja, anaweza kuitwa jike kwa unene wake, kisha dume kwa wembamba. Manyoya husema kweli zaidi, lakini nayo yana utaratibu wake wa kusomwa: kwanza ujue ni bundi wa aina gani, kisha umri wake, na jinsia iwe ya mwisho. Ukiruka umri unabahatisha tu, kwa sababu bundi wa mwaka wa kwanza mara nyingi ana rangi nzito kuliko atakayokuwa nayo baadaye, na rangi nzito ndiyo hiyohiyo inayotumika kumtambulisha jike.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inamhusu bundi mwenye uso wa umbo la moyo, Tyto alba, ambaye hapa tutamwita bundi wa darini. Ndiye anayeishi karibu zaidi na watu: kwenye dari za nyumba, minara ya makanisa, maghala, visima vilivyoachwa, na ndani ya lile rundo kubwa la vijiti linalojengwa mtini na fundichuma. Pia ndiye ambaye manyoya yake yanaweza kweli kukusaidia kutambua jinsia. Wengine wamewekwa mwishoni kwa ufupi, kwa kuwa kwao manyoya hueleza umri vizuri na jinsia vibaya.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa bundi hai unahitaji darubini (ya 8x42 inatosha), kamera au simu yenye kukuza picha vizuri, daftari, na tochi yenye mwanga mweupe uliofifishwa. Beba pia kipande cha karatasi nyeupe kabisa. Matumizi yake yatakuja. Tochi ya urujuanimno, ile inayotumiwa na wenye maduka kukagua noti bandia, itakufaa kwa bundi aliyekufa au kwa unyoya uliookotwa.

Kwa bundi aliyekufa, tuseme aliyegongwa na gari, ongeza glavu, barakoa, rula ya milimita na kadi ngumu uliyoikata dirisha la milimita 60 kwa 40. Usimshike kwa mikono mitupu. Huenda aliuawa na sumu ya panya au ugonjwa. Kumkamata bundi hai ni suala la kibali: Kenya iko Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na Tanzania ile ya 2009. Yote yaliyoelezwa hapa kuhusu bundi hai yanawezekana bila kumgusa.

Hatua ya kwanza: ni bundi gani?

Tazama uso na macho kabla ya kitu kingine chochote.

Uso mweupe wa umbo la moyo, macho meusi, miguu mirefu, hana vishungi kichwani: bundi wa darini. Kama ana uso huohuo lakini mgongo ni wa kahawia iliyokolea sana na umemwinua kutoka kwenye nyasi ndefu, huyo ni bundi wa nyasi, Tyto capensis. Vishungi viwili kichwani na mwili mkubwa ni wa kundi la Bubo. Mkubwa kuliko wote Afrika, Ketupa lactea, ambaye vitabu vingi bado humwita Bubo lacteus, ana kope za waridi zinazoonekana anapofumba macho. Kichwa cha mviringo bila vishungi, macho ya kahawia iliyokolea, kifua chenye milia ya kukingama, ndani ya msitu au bustani yenye miti mikubwa: bundi wa msitu, Strix woodfordii. Aliye mdogo kama ngumi mbili, mwenye vishungi vifupi na rangi ya gome la mti, ni mmoja wa jamii ya Otus.

Hatua hii haichukui muda, ila usiiruke. Kinda wa bundi mkubwa wa kope za waridi huonekana mweupe-kijivu na amejaa malaika (manyoya laini ya utotoni), na watu wengi wamemdhania kuwa ni aina nyingine kabisa ya bundi.

Hatua ya pili: umri

*Kinda kabla ya kuruka*

Bundi wa darini hutaga mayai kwa kupishana siku mbili au tatu, na jike huanza kuatamia tangu yai la kwanza. Kwa hiyo makinda huanguliwa kwa kupishana vilevile, na kiota chenye makinda watano kinaweza kuwa na mkubwa anayemzidi mdogo kwa siku 10 au zaidi. Tofauti hiyo ni ya umri. Kusema kwamba mkubwa ni jike na mdogo ni dume ni kosa linalorudiwa kila mahali.

Fuata ngazi hizi, ukikumbuka kwamba mvua nyingi au uhaba wa panya huweza kuchelewesha kila kitu kwa siku kadhaa:

- Wiki ya 1: ngozi ya waridi, malaika machache meupe yaliyotawanyika, macho yamefumba, hawezi kuinua kichwa kwa muda mrefu.
- Wiki ya 2: macho yanafunguka. Malaika ya kwanza yanaanza kupisha ya pili, ambayo ni mazito na yenye rangi ya maziwa.
- Wiki ya 3: amefunikwa kabisa na malaika mazito. Ukitazama ukingo wa bawa unaona manyoya yakiwa bado ndani ya ala zake, kama vijiti vya rangi ya buluu-kijivu.
- Wiki ya 4 na 5: umbo la moyo usoni limejichora wazi. Manyoya ya bawa yamechomoza kwenye ala na rangi ya dhahabu na kijivu inaonekana. Kifua na tumbo bado ni malaika matupu.
- Wiki ya 6 na 7: manyoya ya kifua yametokea. Malaika yamebaki tumboni, mapajani, na mara nyingine kama ukosi kuzunguka shingo. Uzito wake umefika kileleni, hata kuwazidi wazazi, na sasa unaanza kupungua kabla hajaruka.
- Wiki ya 8 hadi 10: anaruka. Mabaki ya malaika hubaki kwenye mapaja na tumbo la chini, na hapo ndipo pa kuelekeza darubini.

Malaika yakishaisha, bundi wa darini mchanga anafanana na mkubwa. Hapa ndipo anapotofautiana na karibu bundi wengine wote wa Afrika Mashariki, ambao hubaki na dalili za utoto kichwani na usoni kwa miezi. Kwa bundi wa darini, kuanzia hapo umri unasomwa kwenye bawa peke yake.

*Kusoma bawa*

Bawa la nje lina manyoya makubwa 10, yanayoota kwenye kiganja, yaani kuanzia pale bawa linapopinda hadi nchani. Yahesabu kutoka ndani kwenda nje: la 1 ni lile lililo karibu na pindo, la 10 ndilo la ukingo wa mbele. Kinda hupata yote 10 kwa pamoja, hivyo yote yana umri mmoja. Yamefifia sawasawa, yamechakaa sawasawa, na mikanda yao ya kahawia inalingana kutoka unyoya hadi unyoya.

Akifikisha kama mwaka mmoja, bundi wa darini huanza kunyonyoka manyoya ya bawa, na kwa kawaida haanzii mwisho wowote. Huanza katikati, kwenye unyoya wa 6. Ukihesabu kutoka ukingo wa nje, huo ni wa 5. Kisha ubadilishaji husonga pande zote mbili, taratibu, na huchukua miaka kadhaa kumaliza bawa zima. Matokeo yake ni haya:

Manyoya yote 10 ya kizazi kimoja, yaani yaliyoota kipindi kimoja: bundi yuko chini ya mwaka mmoja hivi, au ameuvuka kidogo tu.

Unyoya wa 6 (pengine pamoja na wa 5 au wa 7) ni mpya, una rangi iliyoiva na ncha isiyochakaa, na jirani zake wamepauka: yuko katika ubadilishaji wake wa kwanza, au ameumaliza.

Bawa lenye mchanganyiko, vizazi viwili au vitatu vya manyoya vikiwa vimechanganyika: mtu mzima wa miaka miwili au zaidi. Zaidi ya hapo usijaribu kutaja mwaka.

Miongozo ya Ulaya husoma bawa kwa kalenda: mwezi fulani, mwaka wa pili wa kalenda, na kadhalika. Huko mayai hutagwa kwa msimu unaojulikana. Karibu na ikweta bundi wa darini anaweza kutaga wakati wowote chakula kinapokuwa kingi, kwa hiyo kalenda ya Ulaya haikusaidii hapa. Andika idadi ya vizazi vya manyoya unavyoviona.

*Tochi ya noti bandia*

Manyoya ya bundi yana rangi asilia iitwayo porfirini, ambayo hung'aa waridi chini ya mwanga wa urujuanimno. Mwanga wa jua huiharibu kidogo kidogo, hivyo unyoya mpya hung'aa sana na wa zamani hufifia. Kinachofuata ni rahisi:

Nenda mahali pa giza. Tandaza bawa la bundi aliyekufa, upande wa chini ukikutazama, kwa sababu upande wa juu umeshaunguzwa na jua. Shikilia tochi kama sentimita 20 juu ya bawa na uipitishe polepole kutoka pindo hadi ncha. Waridi inayolingana bawa zima ni ya ndege mwenye kizazi kimoja. Waridi kali kwenye manyoya machache na hafifu kwenye mengine ni ya ndege aliyekwisha kubadilisha.

Yanayoharibu kipimo: mzoga uliolala juani kwa siku nyingi hautang'aa hata kama manyoya yake ni mapya, na damu au tope hufunika waridi. Kamwe usimmulike bundi hai machoni kwa tochi hiyo. Na wewe pia usiitazame moja kwa moja.

Hatua ya tatu: jinsia ya bundi wa darini

Kanuni ya jumla inajulikana: jike huwa na rangi ya hudhurungi zaidi upande wa chini, na madoa meusi mengi na makubwa, dume huwa mweupe zaidi, na madoa machache na madogo. Kanuni hiyo ni ya wastani, na wastani haukuambii kitu kuhusu ndege mmoja uliye naye mbele yako. Kuna madume wenye madoa na majike walio karibu weupe.

Sababu yake imechunguzwa sana Uswisi, hasa na Alexandre Roulin wa Chuo Kikuu cha Lausanne. Madoa hurithiwa kwa nguvu, na lishe ya utotoni huyabadilisha kidogo tu. Jike mwenye madoa mengi huwarithisha mabinti na pia wana wa kiume. Hivyo dume aliyezaliwa na mama mwenye madoa mengi atabeba madoa kuliko dume wa kawaida, na anaweza kumzidi jike wa kiota cha jirani. Kwa hiyo tumia dalili kadhaa kwa pamoja, na ukiweza, mlinganishe ndege na mwenzake wa kiota kimoja.

Dalili ni hizi, kuanzia yenye uzito zaidi:

*Chini ya bawa na ubavuni.* Hapa ndipo jinsia hujionyesha vizuri zaidi, na ndipo watazamaji wengi hawatazami. Dume mara nyingi ni mweupe safi au ana vidoa vidogo vilivyotawanyika. Jike ana madoa yanayoonekana hata kwa picha ya kawaida, yakishuka ubavuni hadi karibu na paja. Mpige picha anapopita juu yako wakati wa magharibi, bado kukiwa na mwanga wa anga.

*Kifua na tumbo.* Kwa dume, weupe au rangi hafifu ya maziwa. Hudhurungi ikiwepo huishia juu ya kifua. Kwa jike, hudhurungi hushuka chini, na madoa huwa makubwa, mengine yenye umbo la tone. Hapa pana mwingiliano mkubwa baina ya jinsia, na cha ajabu ndiyo dalili pekee ambayo watu wengi huitumia.

*Mkia na manyoya ya bawa.* Tazama mikanda ya kukingama. Kwa jike huwa mipana, myeusi na yenye kuvuka unyoya mzima. Kwa dume huwa myembamba, hafifu, mara nyingine imekatika katikati. Dalili hii ni nzuri kwa unyoya uliookotwa chini ya kiota, mradi ulinganishe unyoya wa nafasi ileile. Unyoya wa katikati ya mkia na wa pembeni hautoi jibu moja hata kwa ndege mmoja.

*Mgongo.* Jike huelekea kijivu kizito, dume huelekea dhahabu iliyopauka. Dalili dhaifu. Itumie kuunga mkono zile nyingine, usiitegemee peke yake.

Kwa kila dalili andika J, D au alama ya kuuliza. Toa jibu pale tu dalili tatu zinapokubaliana na ya chini ya bawa ikiwa mojawapo. Zikigongana, andika "jinsia haijulikani". Daftari lenye alama nyingi za kuuliza ni la mtu makini.

Kwa mzoga, tumia kadi yenye dirisha. Iweke juu ya kifua, kisha tumbo, kisha ubavu, kisha chini ya bawa. Hesabu madoa yanayoonekana ndani ya dirisha la milimita 60 kwa 40, na upime kipenyo cha madoa kadhaa ya kawaida, usichague makubwa tu. Laza manyoya kwanza kwa kidole, kuelekea mkiani, kwa kuwa manyoya yaliyovurugika huficha ncha, na doa liko karibu na ncha. Namba hizi zitakuwa na maana baada ya kukusanya ndege kadhaa wa eneo moja.

Sasa kuhusu vitabu. Katika Uingereza, dume wa bundi huyu mara nyingi hana doa kifuani, na huko wamezoea kusema kwamba madoa yakionekana, huyo ni jike. Ukiileta kanuni hiyo hapa utawaita karibu bundi wako wote majike. Bundi wa darini wa Afrika kusini mwa Sahara wana madoa mengi zaidi upande wa chini na mgongo wa kijivu zaidi kuliko wale wa Ulaya magharibi, dume na jike sawia. Ulaya ya kati nako jamii nyingi ni za rangi ya kutu kwa jinsia zote. Kila jamii ina mizani yake, na mizani yako ni ndege wa eneo lako.

*Kusaidia jibu kwa tabia*

Jike peke yake ndiye anayeatamia, kwa siku 30 hadi 34 hivi, na dume humletea chakula. Kwa hiyo wakati wa mayai, na hadi kinda wa kwanza afikishe kama wiki tatu, ndege anayeingia na panya mdomoni ni dume, na anayekaa ndani ni jike. Kaa umbali wa mita 20 hadi 30 kutoka kwenye tundu la kuingilia, kabla jua halijazama kabisa, usiwashe taa, upige picha za anayeingia na kutoka. Madoa ya kila ndege hayafanani na ya mwingine. Ukishapata picha nzuri ya ubavu wa kila mmoja, utawatambua hata baada ya kipindi hicho kupita. Makinda wakishavuka wiki tatu, jike naye hutoka kuwinda na kanuni ya panya mdomoni inakufa.

Jike anayeatamia ana sehemu ya tumbo isiyo na manyoya, ngozi ikiwa wazi ili kupasha mayai joto. Kwa mzoga, pulizia manyoya ya tumbo yatawanyike utazame. Ukiikuta, ni jike, hakuna mjadala. Usipoikuta, haithibitishi kitu: huenda ni jike asiye na mayai.

*Jinsia ya makinda*

Kuanzia wiki ya 6, manyoya ya kifua yakishatokea, unaweza kulinganisha ndugu wa kiota kimoja. Mwenye madoa mengi kifuani na ubavuni huenda ni jike. Andika "huenda". Kabla ya wiki hiyo malaika hayana madoa, na anayedai kutambua jinsia ya kinda wa wiki tatu kwa macho anabahatisha.

Yanayompotosha mtazamaji

Mwanga ni wa kwanza. Balbu ya njano au taa ya barabarani humgeuza dume mweupe kuwa hudhurungi. Ndiyo kazi ya ile karatasi nyeupe: baada ya kumpiga picha bundi, piga picha ya karatasi chini ya mwanga uleule. Karatasi ikitoka ya njano, punguza njano kwenye picha zote mbili kwa kiasi kimoja kabla ya kusema chochote kuhusu rangi ya kifua. Idadi ya madoa haiathiriwi na mwanga, hivyo iamini zaidi kuliko rangi.

Uchafu ni wa pili. Bundi aliyeko kwenye dari yenye masizi, au anayelala kwenye shimo la ukingo wa udongo mwekundu, hupakwa rangi kifuani. Uchafu huwa na kingo zisizoeleweka na hukaa pale anapojisugua; madoa ya asili huwa na mpaka wazi, na kila moja liko karibu na ncha ya unyoya wake.

Tatu ni sura za rangi, na hili linawahusu sana watu wa pwani. Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 1966 na anayeishi katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya na sehemu za chini za Usambara Mashariki nchini Tanzania, hupatikana kwa rangi tatu: kijivu, kahawia na wekundu wa kutu. Bundi wa Pemba, Otus pembaensis, ambaye haishi popote pengine duniani, hupatikana kwa rangi mbili: wekundu na kahawia. Rangi hizo hazihusiani na jinsia wala umri. Wawili wa rangi tofauti wakikaa tawi moja, huwezi kusema mwekundu ni dume au jike.

Nne ni picha za intaneti za bundi wa Aktiki, Bubo scandiacus. Kwake mambo ni mepesi: dume mzee ni mweupe karibu mwili mzima, jike ana milia myeusi, na wachanga wana milia zaidi. Watu huona picha hizo wakadhani bundi wote wako hivyo. Yule ni wa pekee.

Bundi wengine, kwa ufupi

Bundi wa nyasi hufuata mwelekeo wa bundi wa darini: jike huelekea kuwa na rangi nzito na madoa zaidi. Mchanga wake ana uso wa kahawia-kutu badala ya mweupe, jambo ambalo bundi wa darini hana.

Bundi wa majaruba na maeneo ya maji, Asio capensis, ana dume aliyepauka kuliko jike, kwa wastani tu. Walinganishe wakiwa wawili.

Bundi wenye vishungi wa kundi la Bubo hawatambuliki jinsia kwa manyoya. Umri unaonekana: mchanga ana malaika yenye milia myembamba, vishungi vifupi au havipo, na ukingo mweusi wa uso haujakamilika. Kwa jinsia, sikiliza. Bubo africanus dume hulia milio miwili, jike hujibu kwa mitatu. Kwa bundi wengi sauti ya dume ni nzito kuliko ya jike ingawa mwili wake ni mdogo, na kwa yule mkubwa wa kope za waridi ni vivyo hivyo. Jike wa huyu hufika kilo 3, dume mara nyingi hazidi 2, na wakikaa pamoja tofauti inaonekana kwa macho.

Bundi wa msitu, Strix woodfordii, akiwa mchanga ana uso uliopauka na ncha nyeupe nyingi kichwani na mgongoni. Dume na jike ni sare. Hapa pia kazi ni ya masikio.

Yule mdogo mwenye madoa kama lulu na "macho" mawili ya bandia kisogoni, Glaucidium perlatum, akiwa mchanga ana utosi wenye madoa machache mno au usio nayo. Jinsia yake usijisumbue nayo.

Ukimkuta kinda chini

Hapa kusoma umri kuna kazi ya haraka. Kinda wa bundi wa darini aliyejaa malaika, yaani chini ya wiki saba, hapaswi kuwa chini: wazazi wake kwa kawaida hawamlishi ardhini. Akiwa hana jeraha na ana joto mwilini, mvalie glavu au mfunike kwa kitambaa, umrudishe kwenye tundu alikotoka siku hiyohiyo. Wazazi hawamkatai kwa kuwa ameguswa na mtu. Usimpe maziwa wala mkate. Aliye na mabawa kamili na mabaki tu ya malaika mapajani yuko kwenye mazoezi ya kuruka. Mweke mahali pa juu, penye kivuli na mbali na paka, uondoke.

Kinda wa bundi wa msitu au wa kundi la Bubo ni kesi tofauti. Hawa huondoka kiotani wakiwa bado na malaika na hukaa matawini, wakilishwa na wazazi kila usiku. Akiwa juu ya tawi au kichakani, muache. Akiwa barabarani, msogeze hadi mti wa karibu, mita chache tu. Kinga uso wako, kwa kuwa jike wa Bubo mwenye kinda hushambulia kwa kucha na hulenga kichwa.

Namna ya kuandika

Kumbukumbu nzuri hutenganisha kilichoonekana na kilichoamuliwa. Mfano:

"Tyto alba, dari ya ghala, saa 12:40 jioni, mwanga wa anga. Kifua hudhurungi hadi tumboni, madoa makubwa: J. Chini ya bawa madoa mengi, picha 2: J. Mikanda ya mkia mipana: J. Mgongo: haukuonekana. Bawa: unyoya wa 6 umeiva, jirani wamepauka. Uamuzi: jike, ameshaanza ubadilishaji wa kwanza."

Ukipata mzoga usiooza, uandikie mahali na tarehe, uufunge kwenye mfuko wa plastiki na kuugandisha, kisha uwasiliane na makumbusho. Idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, huhifadhi ngozi za ndege kwa ajili ya ulinganisho wa namna hii, na mzoga usio na mahali wala tarehe hauwasaidii kitu.